Kuchota mafunzo kwenye Qur'ani na maisha ya Maswahaba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali yanayorudi kila darsa inapokwisha, watu wakiwa wanatafuta viatu na mmoja amebaki nyuma ana lake la kuuliza. Nimeyajibu kama ninavyoyajibu pale mlangoni, ila hapa nimepata wasaa wa kuyarefusha yanayostahili. Masuala ya fatwa, yaani hukumu ya jambo lako mahususi, si ya hapa. Hayo mpelekee sheikh unayemwamini, umweleze hali yako yote.

Mazingatio ni nini? Si ndiyo kusoma tafsiri?

Tafsiri inakupa maana ya maneno. Mazingatio ndiyo yanayofuata baada ya hapo. Neno la Kiarabu, *ibra*, linatokana na kitenzi cha kuvuka, kama mtu anavyovuka mto kwenda ng'ambo. Chozi nalo, *abra*, ni la shina hilohilo. Sura ya Yusuf ina aya 111, na ile ya mwisho inasema kuwa katika visa vyao mna mazingatio kwa wenye akili. Basi usibaki ukingoni ukiwatazama Yusuf na nduguze kama anayechungulia ugomvi wa jirani dirishani. Vuka, uone wewe ni nani katika kisa kile. Wengi wetu tunapenda kuwa Yusuf. Wachache hujiuliza kama si mmoja wa wale kumi waliorudi jioni wakilia mbele ya baba yao na kanzu yenye damu ya uongo.

Abdullah bin Mas'ud (r.a.) alieleza kuwa mmoja wao akijifunza aya kumi hazipiti mpaka ajue maana yake na azitende. Aya kumi tu. Na Mtume (s.a.w.) aliwahi kusimama usiku kucha kwa aya moja, anairudia mpaka kukapambazuka. Abu Dharr (r.a.) ndiye aliyeisimulia habari hiyo, na aya yenyewe ni ya 118 katika Al-Maida, maneno ya Isa (a.s.) siku ya Kiyama: ukiwaadhibu, hao ni waja wako, na ukiwasamehe, basi Wewe ndiye Mwenye nguvu, Mwenye hekima. Nasema haya kwa sababu ya wale wanaoniuliza wamalize juzuu ngapi kwa wiki.

Sijui Kiarabu. Nina haki gani ya kutoa funzo kwenye aya?

Funzo la nafsi yako unayo haki nalo. Hukumu ya watu wengine hunayo. Ukiyatenganisha hayo mawili utasalimika na mengi.

Na usidhani Kiarabu peke yake kinatosha. Adi bin Hatim (r.a.) alikuwa Mwarabu mwana wa Mwarabu. Aliposikia aya ya saumu isemayo kuleni na mnywe mpaka uzi mweupe ubainike na uzi mweusi, alitafuta nyuzi mbili, mmoja mweupe na mmoja mweusi, akaziweka chini ya mto wake wa kulalia. Usiku akawa anazitazama, hazitofautiki. Kulipokucha akaenda kwa Mtume (s.a.w.) kumweleza. Mtume akamwambia mto wako basi ni mpana, ikiwa nyuzi hizo zimeenea chini yake: ule ni weusi wa usiku na huu ni weupe wa alfajiri. Mimi hupenda jinsi kisa hiki kinavyochekesha bila kumdhalilisha mtu. Adi alikosea, lakini alikuwa anatenda, na alikwenda kuuliza asubuhi ileile.

Maswahaba wengine waliposikia aya ya 82 ya Al-An'am, kwamba wenye amani ni walioamini wasiochanganya imani yao na dhulma, waliingiwa na hofu. Nani kati yetu hajaidhulumu nafsi yake? Mtume (s.a.w.) akawarejesha kwenye maneno ya Luqman kwa mwanawe, aya ya 13 ya sura yenye jina lake: shirki ndiyo dhulma kubwa. Aya ikafunguliwa na aya.

Lakini mfano ninaoutumia zaidi ni wa Abu Bakr (r.a.). Watu walikuwa wakisoma aya ya 105 ya Al-Maida, jiangalieni nafsi zenu, hatawadhuru aliyepotea ikiwa ninyi mmeongoka, na wakaifanya ruhusa ya kunyamaza. Abu Bakr alisimama akawaambia kuwa wanaisoma aya hii na kuiweka pasipo mahali pake, kwani yeye alimsikia Mtume (s.a.w.) akisema kuwa watu wakimwona dhalimu wasimshike mkono, Mwenyezi Mungu yu karibu kuwaenea wote kwa adhabu. Hapo utaona hatari iko wapi. Aya ni ya kweli, tafsiri ya maneno ni sahihi, na bado funzo limekwenda mrama kwa sababu tulilichagua lile lililoturahisishia.

Nianzie wapi?

Sura ya Yusuf, kwa kuwa kisa chake kimekaa mahali pamoja tangu mwanzo hadi mwisho. Halafu Al-Hujurat, aya 18 tu, ambazo zimegusa uvumi, dhihaka, majina ya kubandikana, dhana mbaya na kusengenya. Ukitaka fupi zaidi, Al-Asr, aya tatu; Imam Shafi'i alisema watu wangeizingatia hiyo peke yake ingewatosha. Usianze na aya ambazo maulamaa wenyewe wamegongana vichwa.

Kisa kimoja husomwaje? Tuonyeshe.

Tuchukue cha Ka'b bin Malik (r.a.). Ndicho nikipendacho kuliko vyote, kwa hiyo mnivumilie nikirefusha.

Mwaka wa 9 Hijria (630) Mtume (s.a.w.) alitangaza safari ya kijeshi ya Tabuk. Jua kali, safari ndefu, na matunda Madina yameiva, vivuli vimenoga. Ka'b alibaki. Hakuwa mgonjwa wala fukara. Yeye mwenyewe anasema hajawahi kuwa na nguvu na wasaa kama wakati ule, na hajawahi kumiliki vipando viwili kwa pamoja ila safari ile. Mtume aliporudi, watu zaidi ya 80 walikuja na nyudhuru na viapo, akawapokea kwa dhahiri yao. Ka'b, aliyekuwa mshairi na fundi wa maneno, alikaa mbele yake akasema sina udhuru. Ikatoka amri watu wasiseme naye, yeye na wenzake wawili, Murara bin Rabi' na Hilal bin Umayya. Siku 50. Kisha ikashuka toba yao, nayo imo katika At-Tawba, aya ya 118.

Ukimuuliza mtu funzo ni lipi, atakwambia: sema kweli. Naam, na Ka'b mwenyewe alilisema hilo. Lakini ukikimbilia hapo umeyaacha mengine yote njiani. Rudi mwanzo wa kisa. Anasimulia kwamba kila asubuhi alitoka ili ajiandae pamoja na watu, akarudi hajafanya kitu, huku akijiambia moyoni: naweza, wakati wowote nikitaka. Jeshi likaondoka. Akasema nitajiandaa siku moja au mbili niwafikie. Akatoka, akarudi bure. Kesho yake vilevile, mpaka wakawa mbali. Hakuna mahali aliposema sitaki kwenda! Hakuwahi kukataa hata mara moja. Kilichomzuia ni lile neno "naweza". Mimi nikifika hapo hunyamaza kidogo, maana najua vitu vyangu vinavyosubiri chini ya neno hilohilo.

Songa mbele. Kule Tabuk Mtume (s.a.w.) aliuliza, Ka'b amefanya nini? Mtu mmoja wa ukoo wake akajibu kwamba kimemzuia kujitazama na nguo zake mbili. Mu'adh bin Jabal (r.a.) akamgeukia: ubaya ulioje wa ulichosema, wallahi hatumjui ila kwa kheri. Sentensi moja tu, imesemwa mtu hayupo. Ka'b aliipata baadaye, na alipokisimulia kisa chake uzeeni hakuiacha.

Halafu ule ukuta. Siku zilipomzidi, Ka'b aliukwea ukuta wa shamba la Abu Qatada, binamu yake na mpenzi wake kuliko watu wote. Akamtolea salamu, hakuitikia. Akamwapiza kwa Mungu, je, hujui kwamba nampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake? Kimya. Mara ya pili kimya. Mara ya tatu akajibiwa: Mwenyezi Mungu na Mtume wake ndio wajuao. Macho yakamjaa machozi, akarudi kwa kuukwea ukuta uleule. Siku hizo hizo ikamfikia barua ya mfalme wa Ghassan: tumesikia sahibu yako amekutupa, njoo kwetu tukutunze. Aliitia tanuri ikaungua. Kumbuka mpangilio huo: ndugu amenyamaza, adui amekuandikia barua nzuri. Wengi wamehama msikiti, au hata dini, kwa mpangilio huohuo.

Na mwisho, siku ya furaha. Ka'b yuko juu ya paa la nyumba yake amemaliza swala ya alfajiri, anasikia sauti kutoka mlima Sal' ikimbashiria. Ka'b akamvulia aliyemletea habari nguo zake mbili akampa, na siku ile hakuwa na nyingine, ikabidi aazime za kwenda nazo msikitini. Alipoingia, Talha bin Ubaydullah (r.a.) akainuka mbio kumshika mkono na kumpongeza. Hakuinuka mwingine katika Muhajirina, wale waliohama kutoka Makka. Ka'b hakulisahau hilo kwa Talha. Alikisimulia kisa hiki akiwa mzee, amepofuka, mwanawe ndiye anayemwongoza njia, na bado anakumbuka ni nani aliyenyanyuka.

Kwa hiyo njia yenyewe ni hiyo. Soma polepole, ukatae funzo la kwanza linalokujia, utafute kitu kidogo ambacho msimuliaji hakulazimika kukitaja lakini alikitaja.

Ni adabu kweli kutaja makosa ya Maswahaba?

Inategemea unayataja ili iweje. Qur'ani imeyataja, na wao wenyewe waliyasimulia wakiwa hai.

Ma'rur bin Suwayd alimkuta Abu Dharr (r.a.) mahali paitwapo Rabadha, amevaa vazi zuri la vipande viwili, na mtumishi wake kavaa vivyo hivyo. Akamuuliza. Abu Dharr akajibu: nilitukanana na mtu, nikamtia aibu kwa mama yake, Mtume (s.a.w.) akaniambia wewe ni mtu ambaye ujahilia, yaani tabia za kabla ya Uislamu, bado umo ndani yako. Kisha akamwambia hao watumishi wenu ni ndugu zenu, Mwenyezi Mungu amewaweka chini ya mikono yenu, basi mwenye nduguye chini yake amlishe anachokula na amvishe anachovaa. Riwaya hii iko katika mkusanyiko wa hadithi wa Bukhari. Mawaidhani kisa kimeongezwa: kwamba aliyetukanwa ni Bilal, na kwamba Abu Dharr aliweka shavu lake chini akamwambia alikanyage. Shavu halimo katika riwaya ya Bukhari, wala jina la Bilal. Na nikiambiwa nichague, naichagua ile nguo. Shavu ni la dakika moja mbele za watu. Nguo aliivaa na kumvalisha mwenzake mpaka mgeni akashangaa, bila ya yeye kumwambia mtu kitu mpaka alipoulizwa.

Tazama pia vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria (625). Mtume (s.a.w.) alipendelea kubaki Madina, wengi, hasa vijana, wakataka kutoka, akawafuata. Kisha wapiga mishale 50 waliowekwa kilimani chini ya Abdullah bin Jubayr, wengi wao wakashuka kufuata ngawira, na Waislamu wakapata pigo. Baada ya hayo, aya ya 159 ya Aal Imran inamwambia: wasamehe, waombee maghufira, na shauriana nao katika mambo. Washauri tena, walewale. Mimi najua viongozi wa vikundi vidogo tu ambao wakipewa ushauri mmoja mbaya hawaulizi tena mtu.

Magomvi ya baadaye kati ya Maswahaba yana vitabu vyake na wenyewe. Kwenye darsa la mafunzo sioni faida yake.

Nikisoma habari zao najiona mnafiki. Imani yangu inapanda na kushuka.

Handhala Al-Usayyidi (r.a.), mmoja wa waandishi wa Mtume, alikutana na Abu Bakr akamwambia Handhala amekuwa mnafiki. Abu Bakr akashtuka, subhanallah, unasema nini? Akasema: tukiwa kwa Mtume (s.a.w.) akitukumbusha Pepo na Moto ni kama tunaviona kwa macho; tukitoka tukaingia kwa wake, watoto na mashamba, tunasahau mengi. Sasa sikiliza alivyojibu Abu Bakr, mbora wa umma huu baada ya Mtume wake: wallahi hata sisi yanatupata hayo. Hakumwambia zidisha dhikri. Wakaenda wote wawili. Mtume akasema lau mngedumu katika hali mnayokuwa nayo kwangu, malaika wangepeana nanyi mikono vitandani mwenu na njiani mwenu. Lakini, ewe Handhala, saa na saa, yaani kuna saa ya hivi na saa ya vile. Alilirudia mara tatu.

Ukizidi upande wa pili pia kuna kisa chake. Salman (r.a.) alimtembelea Abu Dardaa, akamkuta mkewe hajijali kwa mavazi. Akamuuliza una nini? Akasema ndugu yako Abu Dardaa hana haja na dunia. Salman alimlazimisha ale naye, na usiku kila alipoinuka kuswali akamwambia lala, mpaka ilipofika sehemu ya mwisho ya usiku wakaamka wakaswali pamoja. Mola wako ana haki kwako, nafsi yako ina haki kwako, na ahli zako wana haki kwako. Mpe kila mwenye haki haki yake. Mtume (s.a.w.) alipoelezwa alisema Salman amesema kweli. Tanbihi kwa waume wacha Mungu: kilichomfungua Salman macho ni hali ya mke.

Subira maana yake nisilie?

Yaqub (a.s.) alisema subira njema katika aya ya 18 ya sura ya Yusuf, akairudia katika aya ya 83, na katika aya ya 84 macho yake yamekuwa meupe kwa huzuni. Ni mtu yuleyule. Akasema mashaka na huzuni zangu ninamshitakia Mwenyezi Mungu. Na Mtume (s.a.w.) alipokuwa na mwanawe Ibrahim akikata roho, machozi yalimtoka. Abdurrahman bin Awf akauliza, hata wewe? Akajibu kuwa hiyo ni rehema, kisha akasema jicho linatoa machozi na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu.

Na jambo moja msibani: acheni kuwaeleza wafiwa hekima ya msiba wao. Katika Al-Kahf, Musa (a.s.) mwenyewe hakuweza kuvumilia asichokijua hekima yake, na aliyemfafanulia, Khidhr, alikuwa amefunzwa elimu kutoka kwa Mwenyezi Mungu. Wewe hukufunzwa kwa nini mtoto wa mtu amekufa. Usijifanye Khidhr.

Kusamehe ni kuachia haki yangu ipotee?

Aisha (r.a.), mke wa Mtume na binti wa Abu Bakr, alizuliwa uongo wa zinaa, na miongoni mwa walioueneza alikuwa Mistah bin Uthatha, maskini, jamaa wa Abu Bakr, aliyekuwa akila kwa mkono wa Abu Bakr. Ikashuka An-Nur kumtakasa Aisha. Abu Bakr akaapa: wallahi, sitampa Mistah kitu kamwe. Ni baba aliyeona binti yake akilia mpaka akadhani ini lake litapasuka, nani angemlaumu? Ikashuka aya ya 22: wenye fadhila na wasaa miongoni mwenu wasiape kuwanyima jamaa, maskini na waliohama, wasamehe na wapuuze, je, hampendi Mwenyezi Mungu awasamehe? Akasema naam, napenda Mwenyezi Mungu anisamehe. Akamrudishia, akaapa tena: wallahi, sitamwondolea kamwe. Ni "kamwe" ileile, imegeuzwa upande.

Lakini sura hiyohiyo, katika aya ya 4, imeweka viboko 80 kwa anayewasingizia wanawake watwaharifu bila ya mashahidi wanne. Haki ya hadhara na msamaha wa moyoni vimeshuka pamoja, wala kimoja hakikufuta kingine. Anayemwambia aliyedhulumiwa "samehe tu" kabla hajamsikiliza, amesoma aya ya 22 akairuka ya 4.

Kuna na Yusuf (a.s.). Katika aya ya 100, mbele ya nduguze, anamshukuru Mola wake kwa kumtoa gerezani. Kisima hakitaji. Gerezani hawakumtia wao. Kisimani walimtia wao. Na ugomvi wote akaubebesha shetani, "kati yangu na ndugu zangu". Wafasiri waliligundua hilo zamani, na sijaona njia nzuri zaidi ya kumwonyesha mtu jinsi msamaha unavyosikika mdomoni.

Mbona kwa wanawake tunatajiwa majina tu?

Kwa uvivu wetu wasimuliaji. Hudaybiya, mwaka wa 6 Hijria (628), mkataba na Makureshi wa Makka ulipoandikwa, Maswahaba wakawa na uchungu, Mtume (s.a.w.) aliwaambia mara tatu wachinje na wanyoe, hakuinuka mtu. Akaingia kwa Umm Salama (r.a.). Yeye akamshauri atoke asiseme na yeyote, achinje mnyama wake na amwite kinyozi wake. Akafanya hivyo. Walipomwona, wakainuka wote. Ni ushauri wa mtu anayejua kwamba wakati mwingine watu waliovunjika moyo hawahitaji hotuba ya nne.

Na Barira (r.a.), mwanamke aliyekuwa mtumwa. Katika kadhia ya Aisha aliulizwa kama ameona lolote la kutia shaka. Akasema sijaona la kumwaibisha, isipokuwa ni binti mdogo, hulala akauacha unga aliokanda, mbuzi wa nyumbani akaja akaula. Madina nzima inazungumza, na shahidi wa karibu kuliko wote anashuhudia juu ya donge la unga. Baadaye Barira alipoachwa huru alichagua kutengana na mumewe Mughith, ambaye akawa anamfuata njiani akilia, machozi yanatiririka ndevuni. Mtume (s.a.w.) akamwambia Barira, lau ungemrudia. Akauliza: ewe Mtume wa Mwenyezi Mungu, unaniamrisha? Akasema, la, mimi naombea tu. Akajibu: basi sina haja naye. Na yakaishia hapo, hakukasirikiwa. Wazee wanaosuluhisha ndoa wangekisoma kisa hiki kabla ya kikao.

Nitajuaje kisa ninachosikia ni cha kweli?

Uliza kimetoka wapi. Abdullah bin Mubarak, aliyefariki mwaka wa 181 Hijria (797), alisema isnadi, yaani mlolongo wa wapokezi wa habari, ni katika dini, na lau si isnadi kila mtu angesema alitakalo.

Mimi mwenyewe kwa miaka nilikisimulia kisa cha Alqama, kijana aliyeshindwa kutamka shahada kwa sababu mama yake alikuwa na kinyongo naye, mpaka kuni zikataka kuwashwa achomwe. Watu walilia, nami nililia. Siku moja kijana akaniuliza kwa upole nimekitoa wapi, nikakosa la kumjibu. Kumbe isnadi yake inapitia kwa Faid Abul-Warqa, msimulizi ambaye wanahadithi wameacha kupokea kwake. Haki ya mama haikihitaji kisa kile: iko katika Luqman, aya ya 14, na katika hadithi sahihi ya mtu aliyeuliza nani anayestahiki zaidi suhuba yangu njema, akajibiwa mama yako, mara tatu, kisha baba yako.

Vingine vya namna hiyo. Tha'laba bin Hatib, anayesimuliwa kuwa alitajirika akakataa zaka: Ibn Hazm na Ibn Hajar wamekikataa kisa hicho, na mtu huyo alihudhuria vita vya Badri, kwa hiyo tunamchafua Swahaba mimbarini kwa riwaya mbovu. Umar kumzika binti yake akiwa hai: hakina asili ya kutegemewa, na Hafsa, bintiye aliyezaliwa kabla ya utume, aliishi akawa mama wa waumini. Mwanamke aliyekuwa akimmwagia Mtume takataka njiani: hakimo katika vitabu vya hadithi vinavyotegemewa. Ukitaka ukarimu wake kwa wasio Waislamu, Bukhari amepokea habari ya kijana wa Kiyahudi aliyekuwa akimtumikia, akaugua, na Mtume (s.a.w.) akaenda kumtembelea na kukaa kichwani pake.

Mengine si ya uongo, ni ya kupoteza muda tu. Watu wa pangoni walikuwa wangapi? Al-Kahf, aya ya 22, imekataza kubishana juu ya hilo, na bado nimeona vikao vikichemka kwa rangi ya mbwa wao.

Nimepata funzo zuri kwenye aya. Nimtumie fulani?

Kama funzo limekujia likiwa na jina la mtu mwingine, ngoja kwanza. Mtume (s.a.w.) alipotaka kukanya hadharani alikuwa akisema "wana nini watu wanaofanya kadha", bila ya kutaja jina. Na yule bedui aliyekojoa msikitini, watu walipomrukia aliwaambia wamwache amalize, kisha akaagiza ndoo ya maji imwagwe pale.

Na watoto?

Wasimulie kisa, ukikomee hapo, uwaache waulize. Anas (r.a.) alimtumikia Mtume (s.a.w.) miaka kumi tangu utotoni, na hakuwahi kuambiwa ufff, wala kwa nini umefanya hili.

Nikishalipata funzo, nifanye nini nalo?

Likate liwe dogo la kuingia katika siku yako ya leo. Amali inayopendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile ya kudumu, hata ikiwa chache.

Abdullah bin Umar (r.a.) alikuwa kijana asiye na mke, analala msikitini. Akaota malaika wawili wamemchukua hadi kwenye Moto, akaogopa, akaambiwa usihofu. Hakuthubutu kwenda mwenyewe, alimweleza dada yake Hafsa, naye akamweleza Mtume (s.a.w.). Mtume hakuifafanua ndoto. Alisema tu: mtu mwema alioje Abdullah, lau angekuwa anaswali usiku. Salim, mwanawe, anasema tangu hapo Abdullah alikuwa halali usiku ila kidogo.